Sauti ya Dada Nyuma ya Mlango

Kazi yangu ni kupamba harusi. Nina duka dogo Mlandege, limebanwa katikati ya wauza vitambaa, na kwa miaka mingi nimekuwa nikitengeneza viti vya maharusi, mapazia, maua ya karatasi, na mabango yenye majina ya watu wawili ambayo kesho yake hutupwa jaani. Sikusomea sanaa mahali popote. Nilichojua nilikijua kwa mikono. Ndiyo maana nilifurahi kupita kiasi siku alipoingia dukani msichana mmoja aliyekuwa akisimamia maonyesho ya sanaa huko Mji Mkongwe, akaniambia wamepata jumba la zamani na wanataka kila msanii apewe chumba kimoja akigeuze.

"Hatutaki picha za kutundika ukutani," alisema. "Tunataka chumba ambacho mtu ataingia, atashika, atacheza. Akitoka aseme, leo nimekuwa mtoto tena."

Nikamuuliza kwa nini amenijia mimi, mwanamke wa kupamba maharusi. Akasema aliwahi kualikwa harusi moja Mbweni ambako nilijenga ua mzima wa nyumba ya kizamani kwa mbao nyepesi na karatasi, na kwamba bibi mmoja alikwenda kukaa kwenye kizingiti kile cha uongo akawa analia, watu wakidhani anaumwa.

"Nataka kitu kama kile," alisema. "Lakini cha kwako."

Cha kwangu nilikijua papo hapo, kabla hajamaliza kunywa soda niliyomnunulia.

Nilizaliwa Sokomuhogo, katika nyumba kubwa iliyogawiwa watu, kila chumba na familia yake. Sisi tulikuwa juu kabisa. Tulikuwa watatu: mama, dada yangu, na mimi. Baba alikwenda Bara kutafuta kazi, habari zake zikakatika, na mama hakupenda kuulizwa. Mama alipika vitumbua na mikate ya kumimina, majirani wakija kuchukua asubuhi na mapema. Chumba chetu kilikuwa kirefu, na sakafu yake ilikuwa ya saruji nyekundu, laini, inang'aa hata unajiona kivuli. Watoto wa nyumba nzima walikuwa wakija kwetu kwa ajili ya sakafu ile. Tulicheza mdako wa kurusha na kudaka kete, tulilala kifudifudi mchana wa joto tukiweka mashavu chini, tulitelezeshana kwenye kipande cha gunia. Na kwenye dirisha kulikuwa na kikapu kilichofungwa kamba; tukimsikia muuza ubuyu anapita chini, tunakiteremsha, naye anatutilia.

Kilichonikaa zaidi ni sauti ya mama. Mtu akibisha hodi, mama hakuinua kichwa kwenye chuma chake cha vitumbua. Alisema tu: "Karibu, pita, mlango wazi." Maneno hayo hayo kwa jirani, kwa mdeni, kwa shekhe, kwa mtoto. Nimepamba mamia ya milango ya watu na sijawahi kusikia tena mtu anakaribishwa namna ile.

Basi nikaamua kukijenga chumba chetu. Jumba la maonyesho lilikuwa na ghorofa, na nikaomba chumba cha juu kabisa, chenye ngazi ya mbao iliyosimama kama ya kwetu. Wasanii wenzangu walinishangaa, kwani wao waligombania vya chini. Nilianza na sakafu. Nilipiga rangi, nikakwangua, nikapiga tena, nikasugua nta kwa kitambaa mpaka magoti yakachubuka, na hata hivyo haikufika kule nilikotaka. Nikatandika mkeka. Nikaweka kete za mdako ili watu wacheze. Nikaweka kikapu dirishani na mtu wa kukaa chini uani kutia ubuyu. Fundi mmoja anayenifungia spika kwenye harusi alinisaidia na vyungu: ukifunua hiki unasikia mvua juu ya mabati, ukifunua kile unasikia mafuta ya vitumbua, kingine redio ya zamani inakoroma na mtu anasoma matangazo ya vifo. Na mlangoni palikuwa na kinasa sauti kidogo. Mtu akisema hodi, nyumba imjibu.

Sauti ya kujibu ndiyo iliyokosekana. Mama bado yu hai, lakini sauti yake imekwisha. Siku hizi anapumua zaidi kuliko anavyosema. Aliyerithi sauti ile ni dada yangu. Kwenye simu watu walikuwa wakiwachanganya tangu dada hajaolewa. Dada anaishi Fumba, upande wa kijiji, si kule kwenye majumba mapya. Anapika chakula cha mchana cha mafundi wanaojenga majumba hayo. Mama anakaa kwake. Nikampigia.

"Nije kusema karibu tu?" akaniuliza.

"Karibu, pita, mlango wazi. Kama mama."

"Basi?"

"Basi, dada."

"Ntakuja Alhamisi, mafundi nshawapakulia."

Alikuja. Alipanda ile ngazi huku ameshika buibui kwa mkono mmoja, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa, akasimama. Nilimtazama usoni kwa uchu. Nilikuwa nimefanya kazi ile wiki kadhaa, na ukweli ni kwamba hakuna mtu duniani niliyetaka aione kabla yake. Akagusa mkeka kwa kidole cha mguu. Akafunua chungu cha mvua, akakifunika. Akatabasamu kidogo kwa kile cha redio. Fundi akamwekea maikrofoni mdomoni, naye akasema maneno yale mara moja tu, bila kujitayarisha, akiwa anatazama kwengine, na mimi vinyweleo vikanisimama. Fundi alisema mashaallah, haina haja ya kurudia. Kisha adhana ikalia, fundi akateremka kwenda msikitini, tukabaki wawili.

Dada akazunguka chumba tena. Akaenda mpaka pembeni, nyuma ya mlango, akatazama pale patupu.

"Ndoo ziko wapi?"

"Ndoo gani, dada?"

"Ndoo za maji. Umeweka redio. Umeweka vyungu, kikapu, vikete vyenu. Maji yalikuwa yakiingia vipi humu?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. "Hapa ni mambo ya utoto, dada. Michezo."

"Utoto wa nani?"

Dada akainama, akapitisha kiganja juu ya sakafu, akakitazama kiganja chake kama anatafuta vumbi.

"Na hii sakafu, alikuwa akiisugua nani?"

Nikasema alikuwa akiisugua mama. Nilisema kwa uhakika kabisa.

"Mama alikuwa na mkono wa unga tangu alfajiri mpaka adhuhuri," akasema. Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Sakafu nikiisugua mimi, kwa kifuu cha nazi, Ijumaa na Jumatatu. Mkimaliza kutelezea magunia yenu nasugua tena. Na maji nikipandisha mimi. Alfajiri nshateremka, pale bombani foleni, napanda, nateremka, napanda. Wewe umelala karibu na mlango, nakuruka na ndoo kichwani. Yakikudondokea, ukilia, anayegombezwa ni mimi. Nikifika skuli nshachelewa. Mwalimu akanirudisha leo, akanirudisha kesho. Siku nyengine sikwenda tena, na hakuna mtu humu aliyeuliza."

"Mimi nilijua hukupenda skuli."

"Nani kakwambia?"

"Mama."

Akatingisha kichwa, si kwa kukataa, bali kama mtu aliyepewa habari aliyoitarajia.

Sasa nitasema na langu, kwa kuwa nami nilikuwa na hasira. Nilimwambia: "Dada, nilikuwa mtoto mdogo. Nilikuwa sijaanza hata darasa la kwanza. Ulitaka nifanye nini?"

"Wakati ule sikutaka ufanye kitu. Ulikuwa mtoto, ukacheza, na kucheza haki yako. Nnasema sasa. Unawaita watu waje kuona tulivyokuwa tukicheza. Mimi sikuwa nikicheza."

Akavaa viatu. Nikamwambia akae, nimeleta juisi ya ukwaju. Akasema mama yuko peke yake.

"Sauti nshakupa," alisema akiwa ameshaanza kuteremka. "Itumie."

Siku zilizofuata nilimchukia, na sioni haya kusema hivyo. Nilikuwa na kitu kimoja kizuri kutoka kwenye maisha ambayo hayakuwa na vingi, nacho kilikuwa chumba kile, na yeye alikuja na miguu yake ya majivu akapita juu yake. Kila nikipiga magoti kusugua nta, naona kifuu cha nazi mkononi mwangu. Kila nikifunua chungu cha mafuta najiuliza maji ya kukorogea unga yalitoka wapi. Sikuweza tena kuingia chumbani mwangu peke yangu. Alikuwamo.

Nikaenda Fumba kumwona mama. Dada alikuwa uani jikoni, nikapita kwa kumsalimia tu, nikaingia ndani. Mama alikuwa kitandani, ameegemea mito, tasbihi mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda."

Nikakaa kitandani karibu na miguu yake. Nikamuuliza moja kwa moja, maana nilijua nikizunguka nitaogopa. "Mama, dada aliacha skuli kwa nini?"

Alivuta punje za tasbihi mbili tatu. "Maji," akasema.

"Mbona mimi uliniambia hakupenda?"

"Ulikuwa mdogo. Ningekwambia nini?"

"Na nilipokua? Mbona hukunituma na mimi? Mimi nilisoma mpaka nikamaliza, na ndoo sikushika."

Alinitazama usoni. Sidhani kama alikuwa akitafuta jibu; nadhani alikuwa akishangaa kwamba silijui.

"Wewe ulikuwa ukilia," alisema. "Yeye halii."

Nyuma ya ukuta, mwiko uliokuwa ukikwangua sufuria ukasimama. Ukuta ule ni mwembamba, matofali yamesimamishwa kwa ubavu. Nikangoja dada aingie, aseme neno. Mwiko ukaanza tena kukwangua. Mama akafumba macho, na baada ya muda nikaona kalala, au kaamua kulala.

Niliporudi mjini nilimwita fundi wa spika nikamwambia tubadilishe mlango. Nikanunua ndoo ya bati, nikaiweka uani chini ya bomba. Utaratibu ukawa hivi: anayetaka kuingia chumba cha juu aijaze ndoo, aipandishe ngazi ile, aitue juu ya kibao nilichokiweka mlangoni. Kibao kikihisi uzito wa maji, hapo ndipo akisema hodi anajibiwa. Bila ya maji nyumba iko kimya. Fundi aliona ni uchawi mzuri, akaufanyia kazi kwa raha. Mimi niliona nimepata kitu cha kweli. Nilijiambia nimemtia dada yangu chumbani, nimempa haki yake, na kila atakayeingia ataulipia mlango kwa shingo yake kama alivyoulipia yeye. Sikumpigia simu kumuuliza. Nilitaka aje aone mwenyewe.

Siku ya ufunguzi watu walijaa. Wageni kutoka nje, wenyeji wenye nafasi, vijana wa mjini na simu zao. Chumba changu ndicho kilichokuwa na foleni ndefu kuliko vyote, na nakiri nilivimba kichwa. Lakini nilipokaa pembeni kutazama, niliona kinachotokea. Watu walikuwa wakicheka. Mwanamume mmoja aliibeba ndoo begani akajifanya anayumba, mkewe akampiga picha. Wasichana watatu waliishika pamoja, wakimwagiana maji, wakipiga vifijo kila ngazi. Wakifika juu wameloa, wanatua, wanasema hodi, na sauti ya dada yangu inawajibu kwa upole uleule, karibu, pita, mlango wazi, nao wanapiga makofi. Mtu mmoja alinikamata mkono akaniambia ni raha iliyoje, maisha ya zamani yalikuwa rahisi.

Siku ya tatu bibi mmoja mgeni aliteleza kwenye ngazi iliyoloa, akaumia kifundo cha mguu. Yule msichana msimamizi alinijia mbio.

"Dada, maji hayawezekani. Tuweke ndoo tupu."

"Tupu haifungui mlango."

"Si fundi anaweza kurekebisha?"

"Ndoo tupu haina maana yoyote," nikamwambia.

"Maana watu wanaipata, dada. Wanaipenda mno! Hakuna anayelalamika ila hiyo ngazi."

Nilibishana naye kidogo, kisha nikakubali. Ngazi ilikuwa hatari kweli, na maonyesho yalikuwa yao. Fundi akalegeza kibao. Kuanzia hapo watu walikuwa wakiining'iniza ndoo kwa kidole kimoja, wakipanda mbio, wakiitupa juu ya kibao, na dada akiwakaribisha.

Dada mwenyewe alikuja Jumamosi bila kunipa taarifa. Alikuja na jirani yake wa Fumba, mwanamke mwenzake wa jikoni. Mimi nilikuwa juu, nawaonesha watoto wa skuli namna ya kurusha kete. Nilisikia uani vicheko vya kawaida, kisha vicheko vikapungua, kisha nikasikia bomba limefunguliwa na halifungwi. Nikachungulia dirishani, pale penye kikapu.

Dada alikuwa amesimama mbele ya bomba, anaijaza ndoo. Vijana waliokuwa na zamu wamerudi nyuma wakimpisha. Msimamizi alianza kumwendea, labda kumwambia maji yamekatazwa, akasita. Dada alitoa leso begani kwa jirani yake, akaizungusha ikawa kata, akaiweka kichwani juu ya mtandio. Ndoo ilipojaa mpaka mdomoni akafunga bomba, akainama, akaipandisha kwenye goti, kutoka goti kifuani, kutoka kifuani kichwani. Hakusaidiwa na mtu. Akaanza kupanda.

Nilitoka nikasimama mlangoni. Ngazi yote ilikuwa na watu waliojibana ukutani, simu zimeinuliwa. Alipanda amenyoosha mgongo, mikono ameiacha ining'inie ubavuni, macho mbele. Hakumwaga tone. Ni mtu mzima, magoti yake mabovu, nayajua, hukesha akiyasugua mafuta ya mchaichai. Alipofika juu alikuwa akihema kwa pua. Akaitua ndoo kwenye kibao taratibu kabisa, kama mtu anayelaza mtoto.

Mtoto mmoja nyuma yangu, aliyekuwa hajui kinachoendelea, akasema hodi.

Na mlango ukamjibu dada yangu kwa sauti yake mwenyewe: "Karibu, pita, mlango wazi."

Watu wakapiga makofi. Walipiga kwa nguvu, ngazi nzima, na uani, na mmoja akapiga mluzi. Msimamizi alipanda akipenya katikati yao, uso umemng'aa, akaniuliza mimi.

"Dada, huyu ni nani? Mbona hukuniambia kuna mtu wa kuigiza? Tunaweza kumpata kila Jumamosi?"

Dada alimtazama yule msichana, akanitazama mimi. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kidevuni. Nilitaka kusema huyu ni dada yangu, na mdomo wangu ulifunguka, lakini yeye alitangulia.

"Itoe sauti yangu."

"Dada, niliweka ndoo kwa ajili yako. Nilitaka wajue."

"Wamejua nini?" Akaonesha ngazi kwa kidevu. Bado walikuwa wanapiga picha. "N'ambie, mdogo wangu. Wamejua nini?"

Nikaitazama ndoo.

"Nilikupa mwenyewe kwa mdomo wangu. Sasa nnaitaka. Leo, si kesho."

Hakuingia chumbani. Hata kizingiti hakukivuka. Aligeuka palepale, akateremka akishika ukuta, kwa kuwa sasa magoti yalimkataa, na jirani yake akampokea chini na kumpa pochi yake. Nilimfuata mpaka barabarani. Nilimwita. Dada yangu ni mtu wa adabu, mtu akimwita husema naam hata akiwa na homa. Siku ile hakuitika.

Fundi aliizima sauti jioni ile ile. Alijaribu kunisaidia. "Turekodi mtu mwengine. Mke wangu ana sauti nzuri, na hapa nani atajua?" Nikamwambia hapana. Msimamizi alinikasirikia, na sikumlaumu. Chumba chake kizuri kuliko vyote kilikuwa kimekuwa bubu na bado siku nyingi. Akabandika karatasi mlangoni imeandikwa kwamba pametokea hitilafu, inashughulikiwa. Watu waliisoma na bado wakasema hodi, wakangoja, wakachekana, wakaingia wenyewe. Nilimwona msichana mmoja mdogo wa hapa hapa mjini, amekuja na shangazi yake. Alibisha hodi mara tatu, kama alivyofundishwa nyumbani, na asipojibiwa akageuka kuteremka. Shangazi akamwambia ingia tu, ni mchezo. Mtoto akasema wenyewe hawapo.

Maonyesho yalipokwisha nilikivunja chumba peke yangu. Msimamizi aliniletea ujumbe kwamba kuna hoteli wangependa kukichukua chote, kikae ukumbini kwao moja kwa moja, ila irudi ile sauti ya mama mwenye nyumba, ndiyo iliyowavutia. Nilimjibu kuwa sauti haipo. Akauliza imekwenda wapi. Nikarudi kwenye harusi zangu.

Mpaka leo nabishana na dada yangu kichwani, ninapokata maua ya kitambaa. Namwambia alinionea. Namwambia kuwa waliocheka si mimi, na kwamba kama angenambia mapema, miaka yote ile tuliyokaa mkeka mmoja, nisingejenga chumba kile au ningekijenga vyengine. Namwambia kuwa mwenye kosa ni mama, na mama yuko kwake, anamwosha, anamlisha kwa kijiko, hajawahi kumwinulia sauti. Mbona zamu ya kulipa imeniangukia mimi? Katika mabishano hayo mimi hushinda. Kisha nakumbuka mwiko ulivyosimama nyuma ya ukuta, na ulivyoanza tena.

Sikukuu ilipofika nilikwenda Fumba. Nilinunua nguo ya mama na kanga ya dada, nzuri, ya rangi anayoipenda. Alifungua mlango mwenyewe. Tulishikana mikono, tukatakiana heri ya Idi. Akanikalisha sebuleni, kwenye kiti chenye mikono ambacho hukaliwa na wakwe zake wakija. Miaka yote nikija kwake nilikuwa nakwenda moja kwa moja jikoni, nakaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, nadokoa nyama kwenye sufuria huku ananipiga mkono kwa mwiko. Siku hiyo nilipoinuka kumfuata, akasema: "Kaa tu, utachafua nguo."

Akaniletea chai kwenye vikombe vya kabatini, vile vyenye ukingo wa dhahabu, na sinia lenye kitambaa cha kushona. Akakaa mkabala wangu, mikono mapajani. Tulizungumza habari za bei ya nazi, na mvua, na jirani aliyeolewa. Kila nikimaliza kikombe ananimiminia. Kila nikisema imetosha ananiambia ongeza kidogo, hujala kitu. Kutoka chumba cha pili mama akauliza kwa ile pumzi yake, "Mmegombana?" Dada akamjibu kwa sauti ya juu ili asikie: "Hapana, mama. Tunakunywa chai."

Nilipoaga alinisindikiza mpaka njia kuu, kwa heshima zote, kanga niliyomletea bado iko ndani ya mfuko, mkononi mwake, hajaifunua. Pale penye njia akasimama, akanipa mkono.

"Ahsante kwa kuja," akaniambia. "Na nyumbani uwasalimie."

Nyumbani kwangu nakaa peke yangu, na yeye anajua.